Beji Iliyonipeleka Ghorofa ya Pili

Kwa miaka mingi nilipoulizwa ninafanya kazi gani, nilijibu kwa maelezo marefu hata muulizaji akajutia swali lake: napanga menyu za tovuti, naamua kipi kiitwe nini na kikae chini ya kipi, na huwapa watu vikadi wavigawe mafungu wanavyoona wenyewe, ili nijue wangetarajia kukuta kitu gani wapi. Ofisini niliitwa "yule wa kompyuta", cheo ambacho faida yake pekee ilikuwa kuletewa kila printa iliyogoma. Siku nilipogundua kwamba kazi hii ina jina, usanifu wa taarifa, na kwamba wenye jina hilo hukutana, nilijiandikisha papo hapo.

Nafasi ya cheo kwenye fomu ilikuwa finyu, hivyo nikaandika "Msanifu" tu. Msomaji azingatie kwamba aliyefanya hivyo ndiye huwakemea wateja kila wiki kuwa lebo isiyojitosheleza humpoteza mtumiaji.

Jengo lilikuwa na mikutano miwili siku hiyo. Mhudumu wa mapokezi alisoma beji yangu, akanielekeza ghorofa ya pili bila kusita.

Mzungumzaji alikuwa akieleza kwamba mgeni akishaingia anapaswa kujua alipo, alikotoka na anakoweza kwenda. Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Aliposema kwamba watu hawafuati njia uliyowachorea bali hujikatia yao, nikapiga makofi peke yangu. Na alipotamka kwamba mlango mkuu ukifichwa hakuna pambo litakalouokoa mradi, machozi yalinilengalenga, maana nilimkumbuka mteja wangu aliyeficha kitufe cha kulipia chini ya picha yake mwenyewe. Nilijiona nimefika kwa ndugu zangu.

Wakati wa maswali, mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu aliniuliza ninashughulikia mradi gani.

"Nimeusanifu kwa ngazi nne, mama, lakini mteja anang'ang'ania saba."

"Ngazi saba! Kwani ni ghorofa ngapi, mwanangu?"

Nilidhani ni lugha ya wakongwe wa fani, nikajibu kwamba ghorofa si tatizo, mradi mtu afike anakotaka kwa mibonyezo michache. Akauliza kuhusu msingi. Nikasema msingi nimewaachia watu wa seva. Akanitazama kwa muda, kisha akauliza polepole, "Na moto ukizuka, watu watatokaje?"

"Watabonyeza kitufe cha kurudi nyuma."

Kimya kilichofuata kilinifanya nisome, kwa mara ya kwanza, bango lililokuwa nyuma ya mzungumzaji: lilikuwa na neno "Majengo". Nilijaribu kujitetea kwa historia, nikamweleza kwamba Richard Saul Wurman, ambaye naye alikuwa msanifu majengo, ndiye aliyeufanya usanifu wa taarifa kuwa mada ya mkutano wa wasanifu majengo wa Marekani huko Philadelphia mwaka 1976, kwa hiyo sikuwa nimepotea sana. Mama yule alinisikiliza kwa huruma, akanionyesha ngazi za kushukia, zile za kukanyaga.

Chini niliwatambua wenzangu hata kabla ya salamu, kwa kuwa meza ya mbele ilikuwa na kitabu cha usanifu wa taarifa cha Louis Rosenfeld na Peter Morville cha mwaka 1998, kile chenye dubu mweupe kwenye jalada. Sikuwa nimekosa lolote. Walikuwa hawajaanza, kwani bado walikuwa wakibishana kibao cha mlangoni kiandikwe nini, na kwa ajili hiyo hakikuwa kimebandikwa.

Katikati ya mabishano aliingia bwana mmoja mwenye beji iliyoandikwa "Msanifu", akaketi kando yangu. Mtu aliposema kwamba muundo mbovu hauponywi na rangi, bwana huyo alitikisa kichwa kwa hisia na kufungua daftari lake. Niliamua kutomwambia lolote hadi wakati wa mapumziko.