Dawa tatu kwa pamoja, na swali ambalo jaribio halikuuliza

Tangu Charles Huggins aonyeshe mwaka 1941 kwamba saratani ya tezi dume hunywea mwili ukinyimwa testosteroni, kuizima homoni hiyo kumebaki msingi wa tiba pale ugonjwa unaposambaa. Tatizo ni kwamba, baada ya muda, seli za saratani hupata namna ya kukua bila hiyo. Ndipo likaja wazo la kuushambulia ugonjwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja kabla haujawa sugu.

Wanaolitetea wana cha kuonyesha. Katika jaribio la CHAARTED, lililochapishwa mwaka 2015, nusu ya waliozimiwa homoni pekee waliishi zaidi ya miezi 44. Kwa walioongezewa dosetakseli, dawa ya kemotherapi, nusu walivuka miezi 57. Mwaka 2022 jaribio la ARASENS likaongeza dawa ya tatu, darolutamidi, inayozuia testosteroni isizifikie seli za saratani, na hatari ya kifo ikapungua kwa karibu theluthi moja. Hayo si matokeo ya kubeza.

Ila tazama ARASENS ililinganisha nani na nani. Makundi yote mawili yalipewa dosetakseli. Hakukuwa na kundi la tatu lililozimiwa homoni na kupewa darolutamidi peke yake. Kwa hiyo tunajua darolutamidi inaisaidia dosetakseli. Kama dosetakseli nayo inaisaidia darolutamidi, jaribio hilo haliwezi kujibu. Na hiyo dosetakseli ndiyo inayoshusha chembe nyeupe za damu, kutia ganzi vidole na kunyonyoa nywele. Mgonjwa anaibeba adha yake bila kuambiwa kwa uhakika analipwa nini.

Isitoshe, dawa mbili nzuri zikikutana si lazima zipatane. Abirateroni, inayozuia mwili kutengeneza testosteroni, na radiamu-223, dawa ya mionzi inayolenga saratani iliyofika kwenye mifupa, kila moja kwa nafasi yake, hurefusha maisha. Zilipotolewa pamoja katika jaribio la ERA 223, waliovunjika mifupa walifika asilimia 29, dhidi ya 11 kwa waliopewa abirateroni bila radiamu. Bila jaribio, madaktari wangeendelea kuzichanganya kwa nia njema kabisa.

Kwangu, mwenye saratani iliyotapakaa sana na mwili unaohimili ana sababu ya kupewa zote tatu. Mwenye madoa machache ya saratani iliyosambaa ni habari nyingine: CHAARTED ilipofuatiliwa kwa miaka zaidi, kwake dosetakseli haikuonyesha faida ya kurefusha maisha. Majaribio yanayostahili fedha sasa ni yale yatakayothubutu kuondoa dawa moja na kuona kama kuna kinachopotea.