Dizeli ya Mau, petroli ya mjini: wagoni gani kwa mtu wa Kisumu?

Binamu yangu wa Kisumu alinitumia picha mbili kutoka yadi moja ya hapo mjini, na chini yake swali fupi: "Kaka, nichukue lipi?" Magari yote mawili ni Mazda Atenza wagoni, ya ule muundo uliofanyiwa marekebisho 2018. La kwanza ni jeupe, XD L Package, dizeli ya lita 2.2, viti vya ngozi, rimu za inchi 19 zinazong'aa kama sufuria ya harusi. La pili ni la kijivu, 20S, petroli ya lita 2.0, viti vya kitambaa, rimu za inchi 17, gari lisilogeuza shingo ya mtu. Bei zinapishana kwa laki kadhaa. Muuzaji ameshamweleza kwamba dizeli haili mafuta, kwa hivyo pesa hizo zitarudi zenyewe.

Hilo la kurudi zenyewe ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Tuchukue bei za Nairobi zilizotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kuanzia 15 Julai 2025: petroli Sh186.31 kwa lita, dizeli Sh171.58. Kisumu na Nakuru hupishana na hizo kwa kiasi kidogo. Nimekadiria, bila kumpendelea muuzaji wala kumwonea, kwamba 20S itakwenda kilomita 12 kwa lita na XD itakwenda 15. Mtu wa kilomita 20,000 kwa mwaka atalipa kama Sh310,000 za petroli, au Sh229,000 za dizeli. Amebakiza Sh81,000. Mtu wa kilomita 8,000 anabakiza Sh33,000 hivi, na karakana inaweza kuzimeza hizo kwa ziara moja. Pengo la bei lenyewe nalo halikai mahali pamoja: Oktoba 2023, petroli ilipogonga Sh217.36 na dizeli Sh205.47, lilikuwa shilingi 12 badala ya karibu 15.

Kuna hila nyingine ndani ya hesabu hiyo. Tumelinganisha dizeli na petroli ya gari kubwa lile lile. Weka Toyota Fielder ya cc 1,500 pembeni, inayokwenda hizo hizo kilomita 15 kwa lita bila jasho, na akiba ya dizeli kwa kilomita 20,000 inashuka chini ya Sh20,000 kwa mwaka. Isitoshe, Fielder hiyo hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, ilhali 2.0 na 2.2 zote zimevuka cc 1,500 na ziko kwenye asilimia 25. Anayetaka dizeli kwa ajili ya kubana matumizi peke yake anabisha mlango usio wake. (Wapo watakaoniuliza habari za Probox ya dizeli. Ndiyo, Toyota iliwahi kuitengeneza, injini ya lita 1.4, kati ya 2002 na 2007. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo tuwaachie wanaohifadhi kumbukumbu.)

Lakini lita hazisemi yote, na hapa lazima niitetee dizeli. Binamu yangu anafanya kazi Kisumu. Mke wake ni mwalimu wa sekondari hapa Nakuru, na watoto wawili wako naye. Kila Ijumaa jioni mwanamume huyu anapanda. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari. Akishapita Ahero na Awasi barabara inaanza kuinuka, mashamba ya chai ya Kericho yanampokea akiwa amevuka mita 2,000, Mau Summit inakaribia 2,500, ndipo ateremke Nakuru kwenye 1,850. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, maana inavuta hewa kama ilivyo, na huko juu hewa ni nyepesi. Akifika kileleni amebaki na robo tatu ya injini aliyoilipia.

Dizeli yenye turbo hujisukumia hewa yake, na mlima huihisi kidogo. Ila farasi zilizoandikwa kwenye karatasi zinadanganya. Atenza ya petroli ya lita 2.5 na ya dizeli ya 2.2, zote za 2018, zina nguvu farasi 190 kila moja. Sasa tazama nguvu ya kuzungusha: petroli nyutoni-mita 252, tena ukikanyaga hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, dizeli 450, na unaipata kwenye mizunguko 2,000 tu. Ile 2.0 ya kijivu ina 199. Nyuma ya lori la Busia linalotambaa kuelekea Kericho, lenye foleni ya matatu nyuma yake na mwanya wa sekunde chache mbele, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama unapita au unarudi upande wako moyo ukidunda. Mimi nimeendesha zote mbili kwenye mlima huo. Siwezi kusema ni anasa.

Upande wa pili una jina fupi ambalo kila fundi analijua: DPF, kichujio cha masizi kilicho kwenye ekzosi. Kazi yake ni kunasa moshi mweusi, na kikijaa lazima kijichome chenyewe, kwa joto la nyuzi 600 hivi. Joto hilo halipatikani kwenye safari ya dakika saba. Linataka barabara ndefu, gari likitembea mfululizo kwa robo saa au zaidi. Ijumaa ya Kericho ni dawa tosha ya DPF. Lakini kutoka Milimani kwenda kazini, jioni sokoni Kibuye, Jumapili kanisani, kichujio kinaanza kujichoma, injini inazimwa, kesho kinaanza tena.

Na kila kinapoanza, kompyuta huongeza dizeli kwenye injini ili kupandisha joto. Isipoungua yote, nyingine hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili. Ndiyo maana oili ya dizeli hizi za Mazda inaweza kuongezeka badala ya kupungua, jambo ambalo mwenye gari la kawaida hulifurahia kwa ujinga. Kijiti cha kupimia kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikiigusa X, mwaga, weka mpya, usingoje kilomita zilizoandikwa kwenye kibandiko. Mpya yenyewe si ile oili nzito ya malori. Ni ya majivu machache, ambayo Wajapani huiandika DL-1. Ukiweka nyingine, majivu yake yanaishia kwenye kichujio hicho hicho, na majivu hayaungui.

Jirani yangu mmoja hapa Nakuru alinunua CX-5 yenye injini kama hii. Shule, ofisi, duka, nyumbani. Mwezi wa tano taa iliwaka kwenye dashibodi. Fundi akamwambia DPF ni mzigo wa Wazungu, akaikata, akachimbua matumbo yake na kudanganya kompyuta. Gari lilipata pumzi kwa muda. Sasa kila asubuhi likipanda kilima cha kwenda shuleni linawaachia watoto wanaotembea kwa miguu wingu jeusi, na masizi kwenye mirija ya kuingizia hewa, ambayo ndiyo ugonjwa wa pili wa injini hizi, yako pale pale, kwani hayahusiani na kichujio alichokitoa.

Mafuta yenyewe hayatishi kama zamani. Kuanzia Januari 2015 dizeli yetu ilitakiwa isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, kutoka 500, na mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta taa ili kuua biashara ya kuyachanganya na dizeli. Hata hivyo nozeli za kisasa hazisamehe kosa. Kituo chenye malori mengi yanayoingia na kutoka, tangi lake halilali na maji, ni bora kuliko kile cha bei poa kando ya njia.

Sasa gredi, yaani ngazi ya vifaa ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani. Hapa naona watu wengi wananunua kwa macho. L Package huja na tairi la 225/45R19, na 20S huja na 225/55R17. Piga hesabu ya ukuta wa mpira kati ya rimu na barabara: la kwanza sentimita 10 na kitu, la pili 12.4. Hizo sentimita mbili ndizo zinazolipia shimo la Awasi badala ya rimu yako. Na tairi la inchi 17 utalipata Kisumu, Kakamega, hata Bungoma, jioni hiyo hiyo; la 19 la upana huo unaweza kulisubiri kutoka Nairobi gari likiwa limeinuliwa juu ya jeki.

Viti vya ngozi nilikuwa tayari kuvibeza: jua la Kisumu, watoto wawili, biskuti. Kisha nikakumbuka kwamba wagoni haina ukuta kati ya buti na abiria. Ukibeba omena kutoka Dunga kuwapelekea wakwe Nakuru, kitambaa kitakusimulia hadi Krismasi, wakati ngozi inapanguswa. Kwa hiyo hapo nimekosa msimamo.

Vifaa vya usalama vinahitaji kutenganishwa kimoja kimoja. Taa zinazojirekebisha zenyewe ni msaada wa kweli kwenye ukungu wa Mau saa mbili usiku, na kengele ya gari lililojificha pembeni si mapambo. Ila kamera iliyobandikwa ndani ya kioo cha mbele na rada ya mbele hutaka kulengwa upya kioo kikibadilishwa au bampa likigongwa, na wenye mashine ya kufanya hivyo magharibi mwa nchi ni wa kutafuta. Menyu za Kijapani nazo huongezeka kadiri gredi inavyopanda. Unalipia mambo mengi ambayo gari linakwambia kwa lugha usiyoisoma.

Kuna gari la tatu ambalo halikuwa kwenye zile picha: XD ya gredi ya chini au ya kati, dizeli ile ile juu ya rimu za inchi 17. Linakuja nchini kwa nadra, kwa sababu yadi zinajua anayelipia dizeli anataka na ngozi. Likikosekana, nunua L Package na uuze hizo rimu 19. Za 17 zitaingia, maana dizeli yenyewe ilitoka kiwandani na za 17 kwenye gredi za chini. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Nikiulizwa kuhusu Volkswagen Passat, jibu langu linageuka kidogo, kwani pale dizeli inakuja na gia tofauti. Passat ya petroli ya 1.4 hutumia giaboksi ya gia saba yenye klachi kavu, ambayo msongamano huichosha mapema. Ya dizeli ya 2.0 ina klachi zinazoogelea kwenye oili, na huvumilia zaidi. Tatizo lake ni AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi: kikiisha, gari ukilizima haliwaki tena. Mazda hii haikihitaji. Na ushauri mwingi unaosomwa juu ya Passat za dizeli umeandikwa na Waingereza, ambao kwao dizeli huwa ghali kuliko petroli na London huwatoza wenye dizeli zisizofika kiwango cha Euro 6. Hesabu zao si zetu.

Nilimwambia binamu aende yadi saa moja asubuhi, kabla hawajaliwasha lile jeupe, achomoe kijiti cha oili kwanza, kisha aombe karatasi ya mnada ya Japani, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko. Kama atapenda moja la miaka ya nyuma lililokwisha kutumika hapa nchini, akague na namba ya chesisi, kwa sababu Novemba 2018 Mazda iliita magari ya dizeli yapatayo 640,000 duniani kwa ajili ya springi za vali na masizi.

Alikwenda. Oili iko sawa, karatasi ni safi. Kwa kilomita 370 za kwenda na kurudi kila wikendi, dizeli ingekuwa jibu, na nilikuwa nimeanza kumwandikia hivyo. Ndipo akaniambia jambo alilolisahau: shemeji ameomba uhamisho kuja kufundisha Kisumu muhula ujao. Ukikubaliwa, safari ya Mau inakwisha, na lile jeupe litabaki na Milimani, Kibuye na kanisa. Nimefuta ujumbe wangu. Barua ya uhamisho ikitoka ataninong'oneza, na yule muuzaji ameahidi kushikilia yote mawili hadi mwisho wa mwezi.