Nani Ameshika Simu ya Bosi?

Januari 2020, klabu ya soka ya Simba ilipofungwa na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, mwekezaji wake, tajiri Mohammed Dewji, aliandika Twitter kwamba anajiuzulu uenyekiti wa bodi na kubaki mwekezaji tu. Hakuondoka. Kiti hicho alikikalia hadi 2021.

Kuna wanaosema ujumbe wa namna hiyo ndio sababu tosha ya kumnyang'anya bosi simu. Wana hoja, kwa maana neno la kiongozi wa kampuni halibaki kuwa lake peke yake. Agosti 2018 Elon Musk, bosi wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, aliandika kwamba anafikiria kuiondoa Tesla kwenye soko la hisa kwa dola 420 kila hisa, na kwamba fedha zimeshapatikana. Mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani ikamfungulia kesi kwa kuwapotosha wawekezaji. Mwezi uliofuata wakamalizana: yeye alilipa faini ya dola milioni 20, Tesla milioni 20 nyingine, na uenyekiti wa bodi akauachia. Yote hayo kwa maneno machache ya Twitter.

Ndiyo maana wakurugenzi wengi wamekabidhi akaunti zao kwa vijana wa mawasiliano. Matokeo tunayaona: picha ya kukata utepe, salamu za Idi zenye nembo, maneno ya kutia moyo kila Jumatatu. Chini ya salamu hizo mteja anaandika kwamba pesa yake imekwama siku ya tatu sasa, na hajibiwi. Kesho yake inawekwa picha nyingine, bosi anatabasamu. Hili linaniuma kuliko kauli ya hasira, kwa sababu mteja yule alidhani amebisha hodi kwa mwenye nyumba.

Bob Collymore, aliyeiongoza kampuni ya simu ya Safaricom kuanzia 2010 hadi alipofariki Julai 2019, alijulikana Kenya kwa kuwajibu wateja mwenyewe Twitter, hata waliokuja na maneno makali. Kujibu lalamiko hakuhitaji kutoboa siri ya kampuni wala kuanika familia. Kunahitaji muda tu, na hapo ndipo wakubwa wengi wanapokwama.

Sidai kila bosi aandike kila herufi. Kijana akisahihisha tahajia, akatafuta picha au akapanga saa ya kuposti, hajamdanganya mtu. Udanganyifu unaanza pale anapoandika rambirambi au kuomba radhi kwa kusema "mimi", ilhali huyo "mimi" hata hajui kwamba kuna mtu amekosewa. Radhi aiandike mwenyewe, hata ikiwa na makosa ya sarufi. Habari za hisa, mishahara na kesi zipite kwanza kwa mwanasheria. Na malalamiko ayasome kwa macho yake, walau nusu saa kwa siku, badala ya kuletewa muhtasari uliopakwa asali.

Hasira nayo ina nafasi yake. Ujumbe wa Dewji ulisomeka kama wa mtu aliyetoa fedha na moyo wake, akarudi nyumbani bila kombe. Uchungu ule mashabiki waliujua, walikuwa nao wenyewe usiku huohuo. Laiti ungesubiri asubuhi, pengine maneno ya kujiuzulu yangefutwa na uchungu ukabaki palepale.