Presha ya Nyumbani Si Presha ya Rungwa

Mwezi wa kumi, pori la akiba la Rungwa, Tanzania, jua la saa nane. Mgeni niliyekuwa namwongoza kuwinda alimpiga nyati dume, risasi ikaingia nyuma ya bega, si mahali pazuri. Akashika bolti, lile komeo la bunduki, apakie ya pili. Haikunyanyuka. Akaivuta kwa mikono miwili, akaigonga kwa kiganja, wapi. Nyati akazama kichakani. Mzee wetu mfuata nyayo akaninong'oneza: "Mwanangu, bunduki ya mgeni imegoma. Angalia yako." Yule nyati tulimmaliza jioni, kwa risasi zangu, na tuliingia kule kichakani watu watano wenye familia.

Bunduki haikuwa na kosa. Ilikuwa .416 Rigby, bunduki ya wanyama wakubwa, iliyotengenezwa vizuri, safi, imepakwa mafuta inavyotakiwa. Kosa lilikuwa kwenye risasi, na risasi alizijaza baruti mwenyewe nyumbani kwao, kwenye nchi ya baridi.

Kambini tulilitoa lile ganda kwa fimbo ya kusafishia mtutu. Nililishika chini ya taa. Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ilikuwa imebanwa hadi kingo zake zikalala na kujaza kishimo chote, bapa kabisa. Kwenye kitako cha ganda palikuwa na alama inayong'aa, ya mviringo, mahali shaba ilipojipenyeza kwenye tundu la pini ya kutemea maganda. Shaba haiingii kwenye tundu lile kwa hiari yake. Nikamwuliza mgeni amejaza kiasi gani. Akajibu kwa fahari kwamba amepita kidogo tu kiwango cha juu cha kitabu cha vipimo vya baruti, kwa sababu ganda la Rigby lina nafasi kubwa na bunduki za siku hizi ni imara, na kwao hakuwahi kuona dalili yoyote ya presha, yaani ya msukumo wa gesi ya baruti kuzidi.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, ninyi mnaojaza risasi na ninyi mnaopokea wageni wanaojaza.

Ile nafasi kubwa ndani ya ganda la Rigby haikuachwa kwa bahati mbaya, wala haikuachwa ili mtu aje kuijaza baruti. Rigby, watengeneza bunduki wa London, walipoitoa .416 mwaka 1911, baruti ya Waingereza ilikuwa ya aina iitwayo kodaiti, na kodaiti ikipata joto presha yake inapanda vibaya. Risasi zilikuwa zinakwenda India na Afrika. Wakatengeneza ganda kubwa ili kichwa, ile sehemu ya risasi inayoruka, cha greni 410 (gramu 26 na ushee) kitoke kwa mwendo wa mita 720 hivi kwa sekunde bila presha kupaa, na ganda litoke kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, hata jua likiwa utosini. Mpaka leo kiwango cha juu cha Wamarekani kwa .416 Rigby ni paundi 52,000 kwa inchi ya mraba. .416 Remington, iliyotoka mwaka 1988, inafanya kazi ileile kwa ganda dogo zaidi, na kiwango chake ni 65,000. Tofauti hiyo ya 13,000 ndiyo mali aliyoinunua mtu aliyenunua Rigby. Ukiijaza mpaka ifanane na Remington, au uipeleke mbali zaidi, umeitupa mali hiyo porini, na umeitupa siku unayoihitaji.

Maana mambo yanakwenda hivi. Risasi ikilipuka, ganda linatanuka na kubana kuta za chemba, halafu presha ikishuka linarudi nyuma kidogo, kiasi cha kuachia. Hapo bolti inafunguka kwa kidole. Presha ikizidi uwezo wa shaba kurudi, ganda linabaki limebana. Sasa chukua kipimo kile kile ulichokipima kwenye baridi ya nyuzi tano, kiweke kwenye mkanda kiunoni tangu asubuhi, au juu ya dashibodi ya Land Cruiser iliyoegeshwa juani, kisha kikae kwenye chemba ya bunduki iliyobebwa juani saa tatu. Baruti ile imepata moto. Itawaka kwa kasi zaidi, na presha itapanda. Kilichokuwa ukingoni kule kwenu, huku kimeshavuka.

Na hili neno la "sijaona dalili" limeshanichosha. Dalili zinachelewa. Bolti inapoanza kuwa nzito kwenye risasi ya aina hii, presha imeshapita kiwango zamani. Fataki moja ni laini, nyingine ngumu. Ganda la kiwanda hiki lina kuta nene, la kile nyembamba. Huwezi kusoma paundi za presha kwa jicho. Chenye ukweli zaidi ni kipima mwendo: kama baruti ni ileile ya kitabu, kichwa kilekile, urefu wa mtutu uleule, na risasi yako inakwenda kasi kuliko kitabu kinavyosema, basi kasi hiyo imelipiwa kwa presha. Hakuna mahali pengine ilipotoka.

Nakubali, shingo upande, kwamba kujaza mwenyewe kuna faida. Risasi za kiwandani za kaliba kubwa ni ghali mno, na mtu makini anaweza kuoanisha kichwa laini na kichwa kigumu vikapiga mahali pamoja, jambo ambalo kiwanda hakikufanyii kwa bunduki yako. Baruti zisizotikiswa sana na joto zipo pia, kama baadhi ya zile za Hodgdon, kampuni ya baruti ya Marekani. Zitumie. Lakini hata hizo hazikupi ruhusa ya kupita kitabu.

 

Kuna jingine ambalo wengi hawaliangalii: kubana mdomo wa ganda. Bunduki hizi zinapiga teke. Ukifyatua ya kwanza, zile zilizobaki kwenye magazini zinagonga mbele, na kichwa kisichobanwa vizuri kinasukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, presha inapanda, na hii ni risasi ya tatu au ya nne, yaani ile unayoifyatua nyati akiwa anakuja.

Basi nimewaambia ofisini kwetu, na sitarudi nyuma. Mgeni anayeleta risasi za kujaza mwenyewe aandikiwe mapema: aanze asilimia kumi chini ya kiwango cha juu cha kitabu na apande taratibu, akomee ndani ya kitabu, azijaribu kwao wakati wa joto kali kabisa la mwaka, na apitishe kila risasi atakayokuja nayo kwenye magazini na chemba, awe ameelekeza mtutu pasipo na mtu. Akifika kambini tunafyatua saa nane mchana, si asubuhi kwenye ubaridi. Bolti ikiwa nzito hata mara moja, risasi hizo zinafungiwa sandukuni na anawinda kwa bunduki ya .375 ya kambi, hata kama amelipia safari nzima na amekasirika.