Nahodha Anaangalia Ndege

Boti za kutazama nyangumi zina saa zake. Mwongozaji hukaa juu karibu na mlingoti, na akiona kitu haonyeshi kwa kidole, anataja saa: omo, yaani mbele, ni kumi na mbili, tezi, yaani nyuma, ni sita, mkono wa kulia ni tatu. Saa ya Kizungu, bila shaka. Sasa mimi nimekua nikijua kwamba akrabu ikisimama kwenye tatu, hiyo ni saa tisa. Asubuhi ile kwenye ghuba ya Skjálfandi, kaskazini mwa Iceland, mwongozaji alipopiga ukelele wa saa tatu, abiria wote walikimbilia kulia. Kichwa changu kilishageuza hesabu bila kuniuliza, nikatazama kushoto, kwenye tisa. Nyuma yangu nikasikia boti nzima ikivuta pumzi kwa pamoja. Nilipogeuka, palibaki duara laini juu ya maji, kama mafuta yaliyomwagika. Nyangumi wa nundu alikuwa ameinua mkia na kuzama.

Tukasubiri. Dakika zikapita, hakuibuka tena karibu nasi. Nahodha akaangalia saa yake, akageuza boti taratibu, akamwacha.

Nilinung'unika, sitaficha. Nimesafiri mbali, nimevaa ovaroli zito linalonifanya nitembee kama bata, halafu chombo kinaondoka na nyangumi yupo hapo hapo chini! Lakini upande wangu wa kushoto sikutoka mtupu. Walikuwa wamepita lundi, kundi zima, chini chini juu ya mawimbi.

Lundi ni ndege mnene, mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo wenye rangi kama uliopakwa na mtoto aliyeachiwa rangi zote. Mabawa yake ni mafupi mno kwa mwili ule, kwa hiyo huyapiga hadi mara 400 kwa dakika, na bado anaruka kama mtu aliyechelewa daladala. Mabawa hayo hayo ndiyo makasia yake akizama kufuata samaki. Akirudi utamwona amebana samaki wadogo kadhaa kwa mkupuo, wamening'inia pande zote mbili za mdomo kama masharubu. Huchimba shimo kwenye udongo, hutaga yai moja tu kwa mwaka, na ikifika Agosti huondoka kwenda kukaa bahari kuu majira yote ya baridi. Zaidi ya nusu ya lundi wote wa dunia huja kuzaliana Iceland. Ndani ya ghuba ile kuna kisiwa kidogo kinaitwa Lundey, maana yake kisiwa cha lundi, na boti nyingi hupita hapo.

Kwa kuwa nyangumi alishanipita, nikaanza kumtazama nahodha. Muda mwingi macho yake yalikuwa juu, kwa ndege. Nyangumi wa nundu akila, samaki husukumwa juu, na kria huwaona kabla ya mtu yeyote. Kria ni buabua wa huko, mwembamba, mwenye hasira. Ukipita karibu na kiota chake atakudonoa utosini. Kila mwaka hufuata kiangazi mpaka pande za Antaktika, kisha hurudi kaskazini. Wakijumuika mahali pamoja na kuanza kupiga mbizi, nahodha anaelekeza omo huko. Nikacheka peke yangu. Mvuvi wa jodari wa pwani yetu anafanya vivyo hivyo, na hajawahi kuuzia mtu tiketi.

Ghuba ile inastahili sifa zake. Mito miwili inamwaga maji yake humo, katikati ya kiangazi jua karibu halizami, chakula kinajaa, na nyangumi wanakuja kula. Mji tulikoondokea, Húsavík, wenyewe ni mdogo, watu elfu mbili na ushei. Mwaka 1995 walianza kupeleka watalii baharini kwa maboti ya zamani ya mbao, na leo makumbusho yao ya nyangumi yako ndani ya jengo lililokuwa machinjio. Iceland hiyo hiyo ilirudia uwindaji wa nyangumi wa kibiashara mwaka 2006, na kuna watalii ambao mchana humpiga nyangumi picha na usiku huagiza kipande chake mgahawani. Hilo ni la watu na dhamira zao.

Ninalotaka kusema mimi ni jambo jingine. Kampuni nyingi za huko zina utaratibu kwamba usipoona nyangumi hata mmoja, unapewa safari nyingine bure. (Mimi sikupewa. Nyangumi alionekana, kwamba mimi nilikuwa natazama saa tisa, hilo halikuwahusu.) Watu huiona ofa hiyo kuwa ujanja wa biashara, na kweli ni biashara. Ila tazama inamfanyia nini nahodha. Bahari ikikaa kimya, hasara inabebwa na kampuni, na mshahara wake uko pale pale. Ndiyo maana anaweza kuangalia saa, kugeuza usukani na kumwacha mnyama apumue.

Ami yangu mmoja ni nahodha Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kule vijiji vilivua pomboo wawe chambo cha papa hadi miaka ya 1990, kisha vikagundua kwamba pomboo aliye hai analipa zaidi. Niliwahi kupanda naye. Pomboo wanne walipoibuka, boti nane ziliwazunguka, injini zinanguruma, watalii wanarushwa majini juu ya vichwa vyao, na pomboo wakizama wanafukuzwa tena. Nilirudi nchi kavu nimenuna, nikamwambia vile haifai.

"Haifai, najua," alinijibu. "Lakini mgeni akirudi hajaona kitu, bahashishi n'taipata wapi, mwanangu? Na mafuta nishachoma."

Wakati ule nilidhani anajitetea. Sasa naona alinieleza biashara yote kwa sentensi mbili. Tumeandika miongozo na mabango ya kumfundisha nahodha adabu za baharini, asimkatie mnyama njia, apunguze mwendo, asikae naye muda mrefu. Zote ni sheria nzuri, ila anatakiwa azifuate kwa pesa yake ya mfukoni. Mtalii amelipa hoteli, au amemlipa wakala mjini, na sehemu kubwa ya pesa hiyo haifiki ufukweni. Anayepata kidogo kuliko wote ndiye tumembebesha hasara ya siku mbaya. Hoteli na mawakala ndio wenye uwezo wa kutoa safari ya pili, na kumlipa nahodha nauli kamili pomboo waonekane wasionekane. Mpaka wafanye hivyo, sioni kwa nini ami yangu asikimbize.

Na mgeni aambiwe mapema kwamba amelipia bahari yote. Aliyefundishwa kumtambua buabua atakuwa na cha kutazama saa tatu nzima. Aliyeahidiwa mkia wa picha atatazama simu yake, kisha atamtazama nahodha kwa jicho la kudai.

Jioni ile Húsavík, mkononi nina kakao ya moto na andazi la mdalasini, nilimpigia ami simu. Nikamsimulia habari za lundi na kria, na nahodha anayeangalia juu.

"Ndege?" akasema. "Mtu atoe pesa yake aje kutazama ndege?"

"Mie nimetoa, Ami."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni kiasi gani.