Salaita: ukae au uachie?

Jumapili hapa Sinza tumebishana mpaka chai imepoa, na kisa ni heksi moja tu. Tuna gemu yetu ya vita ya kwanza ya dunia huku Afrika Mashariki, tumeichora wenyewe kwenye manila nne tukaigawa vipande vya pembe sita, ndo heksi zenyewe, mimi Mjerumani, mshkaji wangu Muingereza, na kilima cha Salaita kule karibu na Taveta kinampa pointi 1 kila zamu anaekishika. Nina yuniti (vikosi) tatu juu, yeye anakuja na kumi.

Wanaosema kaa wana hoja bana. Kila zamu pointi inaingia, afu yuniti ikikaa kwenye heksi inabana zile sita zinazoizunguka, adui akigusa mojawapo lazima asimame, kwaiyo watu wachache wanachelewesha jeshi zima. Na historia inawabeba: tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikivamia hicho hicho kilima wakatimuliwa.

Ila mwezi uliofuata Smuts, jenerali wa upande wa Muingereza, akaachana na habari za kupanda kilima, akazungusha kikosi kaskazini upande wa Kilimanjaro, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuona anazibwa nyuma akakiacha Salaita bila kusukumwa, akajipanga vilima vya Latema na Reata, baadae Kahe. Kwangu kipimo ndo hicho, wingi wa adui mbele haunitishi sana kama heksi zilizo mgongoni. Mstari wangu ukiwa umenyooka kila yuniti inaguswa pande mbili, mshkaji alivyovuka mto Lumi nikawa naguswa pande nne, na mojawapo ni barabara ya Moshi nnakopata chakula na risasi za reli ya Tanga. Hapo ilikua ni kuondoka tu. Mimi nikang'ang'ania pointi moja zaidi, dadu ikaja 2, tatu zote zikafutika na Moshi ikabaki haina mtu.

Sasa wa kuachia wasishangilie, maana wao mfano wao ni huyo huyo Lettow, eti alirudi nyuma miaka yote asikamatwe mpaka akasalimu amri mwenyewe Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, 25 Novemba 1918. Sawa, lakini aliacha nini? Reli ya Tanga imeenda, Dar yenyewe ikachukuliwa Septemba 1916, reli ya kati nayo ikaenda, baada ya hapo mzigo wote kichwani kwa watu. Pande zote mbili zilibebesha watu, na Kariakoo tunayopigania daladala kila siku imebaki na jina la kikosi cha wapagazi wa Muingereza. Kwenye manila yetu nikiacha heksi inabaki nyeupe kama vile hapakua na mtu, wakati jeshi linalorudi nyuma linakomba maghala ya wanakijiji na vijana wa kubeba linaondoka nao.

Tumeongeza sheria: jeshi likipita kijijini bila reli, chakula cha heksi hiyo kinaisha, atakaepita baadae anakuta patupu. Mshkaji kalalamika kwamba inamuonea yeye anaefukuza, na kweli inamuonea, ila mimi pia nikirudi njia ile ile nalala njaa.

Jumapili ijayo nakaa tena Salaita, ila na yuniti mbili, ya tatu nailaza barabara ya Moshi.