Mwairishi Aliyevuka Bahari Bila Kuandikwa

Mwaka 1727 baraza la koloni la Pennsylvania liliingiwa na hofu ya Wajerumani. Walikuwa wakishuka Philadelphia kwa mamia, hawajui Kiingereza, na haikufahamika watamtii mfalme yupi. Ikaamriwa majina yao yaorodheshwe na wanaume wale kiapo cha utii. Orodha hizo zipo hadi leo, ndiyo maana mzao wa Mjerumani wa karne ya 18 mara nyingi anaweza kukutajia meli ya babu yake. Mwairishi aliyeshuka mwaka huohuo hakuandikwa na mtu. Yeye alikuwa tayari raia wa mfalme wa Uingereza, na raia anayehama kutoka pembe moja ya himaya kwenda nyingine hakuwa na la kuulizwa. Orodha za abiria wa kila meli zilianza kudaiwa na serikali ya Marekani mwaka 1820, kwa sheria ya mwaka uliotangulia.

Pengo hilo ndilo chanzo cha mvutano baina ya wanaotafuta nasaba zao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 100,000 na 250,000 waliondoka Ulster, kaskazini mwa Ireland, kabla ya vita vya uhuru wa Marekani. Wengi wao walikuwa Wapresbiteri wenye asili ya Scotland. Sasa wazao wao wanataka jina la kijiji. Kambi moja inasema nasaba ni ushahidi, na ukifika baharini mkono mtupu, simama hapohapo. Nyingine inajibu kwamba hati zimekosekana kwa sababu ya sheria na moto, wala si kwa sababu wazee walidanganya. Basi simulizi la ukoo lipewe nafasi yake. Kwangu mimi kambi hii ya pili ina hoja nzito kuliko inavyosikilizwa, ila huiharibu yenyewe kwa pupa.

Uzito wa hoja yake uko Dublin. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la hifadhi ya nyaraka za taifa kwenye mahakama za Four Courts lililipuka na kuteketea. Ziliungua sehemu kubwa ya sensa za 1821 hadi 1851, wasia za karne kadhaa, na vitabu vya parokia nyingi za Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana. Na hata pasingekuwa na moto, Mpresbiteri wa mwaka 1730 angekuwa shida kumpata. Ndoa iliyofungwa na mchungaji wake ilisumbuliwa na sheria, na hata ya Wapresbiteri wawili haikutambuliwa wazi kuwa halali hadi 1782. Vitabu vya ubatizo vya makanisa mengi ya Kipresbiteri vinaanza vizazi viwili au vitatu baada ya mhamiaji kuondoka. Vya Wakatoliki wa Ulster huchelewa vilevile. Kwa hiyo anayesema "hakuna hati, hakuna babu" anawaadhibu watu kwa kosa la serikali zilizowatawala.

Upande wa Marekani karatasi ni nyingi, lakini zinajali ardhi kuliko mtu. Tazama mfano wa Alexander Breckinridge. Mwaka 1740 alisimama mbele ya mahakama ya Orange, Virginia, akaapa kwamba alijileta yeye na familia yake kwa gharama zake mwenyewe, kutoka Ireland hadi Philadelphia na kutoka huko hadi koloni ile. Aliapa kwa sababu kila kichwa kilicholetwa kilimpa mtu haki ya ekari 50. Ukoo huo baadaye ulitoa makamu wa rais wa Marekani, John C. Breckinridge. Kwa mtafuta nasaba kiapo hicho ni dhahabu: kuna mwaka, njia waliyopita na majina ya familia. Lakini kuhusu walikotoka karani aliridhika na neno moja, Ireland. Ekari 50 hazikuhitaji jina la kijiji.

Hapo ndipo simulizi huingia kujaza nafasi, na simulizi maarufu kuliko yote katika bonde la Shenandoah, Virginia, ni la John Lewis, mlowezi wa mwanzo wa kaunti ya Augusta, aliyefariki mwaka 1762. Jiwe la kaburi lake karibu na mji wa Staunton linasema alizaliwa Donegal, kaunti ya Ulster, mwaka 1678, alimuua lodi (bwana mwenye cheo) wa Ireland, akaianzisha Augusta, akatoa wana watano kupigana vita vya mapinduzi ya Marekani. Masimulizi mengine humpitisha kwanza Ureno akikimbia mkono wa sheria. Wapo waliomchimbia hata asili ya Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa, ingawa jina Lewis linanuka Wales zaidi.

Wa kambi ya hati hulicheka jiwe hilo, na wana sababu. Mtu aliyezikwa 1762 hawezi kusifiwa siku ya maziko kwa vita vilivyoanza Aprili 1775. Maneno yale yaliandikwa baadaye, na watu waliojua mambo yalivyoishia. Mwanawe Charles aliuawa kwenye mapigano ya Point Pleasant tarehe 10 Oktoba 1774 akipigana na Washawnee, wenyeji wa Amerika, kabla risasi ya kwanza ya mapinduzi haijalia. Na lodi mwenyewe ni nani? Kifo cha mtu mwenye cheo cha kurithi, kwa mkono wa mpangaji wake, kisingepita bila kuandikwa katika orodha za masharifu wa Ireland, ambazo hueleza nani alirithi kwa nani na lini.

Hata hivyo kicheko chao kinavuka mpaka. "Lodi" kinywani mwa wajukuu anaweza kuwa mwenye ardhi yeyote, au hata wakala wake wa kukusanya kodi, na ugomvi wa kodi uliomwaga damu si jambo la ajabu Ireland ya karne ile. Majalada mengi ya mahakama yaliyoweza kutoa jibu yaliungua 1922, hivyo ukimya wa hati hauthibitishi lolote. Mimi ningelikata simulizi hili vipande. Kipande cha Donegal hakimnufaishi mtu: hakuna sifa ya kuzaliwa Donegal badala ya Tyrone, kwa hiyo nakipa uzito. Kipande cha lodi kinamnufaisha kila mzao, kwa sababu kinamgeuza babu kuwa mwanamapinduzi kabla ya mapinduzi. Hicho nakiacha kwenye simulizi, hakiingii kwenye mti wa ukoo.

Kanuni hiyo ya kuuliza nani ananufaika inafaa kutumiwa kwa ukali zaidi kwa yaliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya njaa kuu ya miaka ya 1840 kumimina Wakatoliki maskini katika miji ya Marekani, wazao wa walowezi wa zamani walitaka ijulikane kwamba wao ni Wairishi wa namna nyingine. Mwaka 1889 kiliundwa huko Tennessee chama cha kitaifa cha kuenzi Wairishi wenye asili ya Scotland, na vitabu vya koo vikafuata. Katika vitabu vya aina hiyo babu Mkatoliki aliyebadili dhehebu huko porini ana nafasi ndogo mno ya kuonekana. Biashara nayo haikulala: Gustave Anjou, aliyefariki 1942, alijipatia riziki kwa kuwatungia Wamarekani wenye fedha nasaba za uongo, na baadhi zinanakiliwa mpaka leo.

Vinasaba je? Vinasaidia, chini ya inavyotangazwa. Babu wa vizazi vinane nyuma anakuachia kwa wastani sehemu moja kati ya 256, na huyo wa 1730 huenda asikuachie kitu kabisa. Utafiti wa Dublin wa mwaka 2006 ulikuta alama moja ya upande wa baba kwa takriban mwanamume mmoja kati ya watano kaskazini magharibi mwa Ireland, ukaihusisha na Niall, mfalme wa karne ya 5. Wauzaji wa vipimo wakawagawia wateja ufalme. Baadaye ilionekana alama yenyewe ni ya zamani kuliko Niall, tena iko kwa wingi hata Scotland.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuacha kumfukuzia mtu mmoja na kuwafuata waliosafiri naye, hasa mchungaji. Mwaka 1718 James McGregor aliondoka Aghadowey, bonde la mto Bann, na sehemu ya waumini wake. Wakaanzisha makazi yaliyoitwa baadaye Londonderry, New Hampshire. Mwaka 1772 William Martin aliwaongoza watu waliojaza meli tano kwenda South Carolina. Ukimkuta babu yako kwenye benchi za kanisa la mmoja wao, tayari una mahali pa kuchimba. Hapo unageukia makabrasha ya wenye ardhi, mathalani barua za mawakala wa Earl wa Abercorn zilizohifadhiwa Belfast, maana mwenye ardhi alijua vizuri mpangaji gani anadaiwa na nani kaondoka. Wapinzani wa njia hii husema inathibitisha kundi tu, haimthibitishi mtu. Ni kweli. Lakini "huenda Aghadowey" yenye sababu zake inafaa kuliko kisanduku kitupu, mradi neno "huenda" lisifutwe na mtu wa pili atakayenakili.

Njia hii inawatupa, hata hivyo, waliokuja peke yao, na hasa watumishi wa mkataba waliouza miaka ya kazi ili walipiwe nauli. Hao hawakuwa na ardhi ya kuandikisha wala mchungaji wa kuwaongoza. Wengine walitoroka, na mabwana wao wakatoa matangazo katika gazeti la Pennsylvania Gazette wakieleza umri, kimo, rangi ya nywele, kovu usoni, koti lililovaliwa na lafudhi ya mtu. Breckinridge na kiapo chake hana maelezo ya namna hiyo, Lewis na jiwe lake hana. Sijaona wazao wengi wakianza kutafuta babu yao humo.